Komora, Uliyefuta Kaseti Yangu

Mpaka sasa haijaniingia akilini kwamba Komora amekufa. Amekufa tukiwa hatusemezani, na kwa hilo leo simsamehe.

Naona mnaandika "legend", "baba wa jazz Garsen". Wengi wenu mlikuwa mkipita nje ya duka lake mkiziba masikio. Hebu nyamazeni kidogo, mimi nilikuwepo.

Kwa msiomjua: alikuwa fundi redio pale Garsen, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Mimi nilikuwa karani wa serikali, na kila Jumamosi nikitoka ofisini saa saba, nilienda dukani kwake kusikiliza jazz.

Tulikuwa watatu tu: Komora, mimi, na Guyo, mfanyabiashara wa ng'ombe. Guyo alipima kila wimbo kwa swali moja. "Hii muziki, ng'ombe itatembea?"

Komora alikuwa amefunga waya juu ya mwarobaini ili ashike kipindi cha jazz cha masafa mafupi. Alikirekodi huku akitukataza hata kukohoa. Na bado kila kaseti ilikuwa na kengele za ng'ombe wanaoenda mtoni, katikati kabisa ya saksofoni!

Sheria yetu ilikuwa hivi. Ukipendekeza muziki, unaweka kaseti, unatoka nje, unasimama juani mpaka side iishe. Huruhusiwi kujitetea, na hakuna wa kukutetea. Wenzako wakishaamua, wanakuita ndani usikie hukumu.

Muziki wangu Komora aliukataa karibu kila wiki. "Halima, huu ni muziki wa kungojea daktari wa meno." Garsen nzima haikuwa na daktari wa meno.

Kaseti niliyoipenda kuliko zote alinirekodia kaka yangu Mombasa, kutoka kwenye santuri ya baharia mmoja. Piano peke yake, polepole. Nilivunja vile vibao viwili vya plastiki vya mgongoni mwa kaseti ili mtu yeyote asiweze kurekodi juu yake.

Nikamwachia Komora kwa wiki moja, nikaenda Kipini kumuuguza mama. Mvua ikanyesha bila kupumzika, mto ukafurika, barabara ikakatika. Nilikwama huko zaidi ya mwezi.

Niliporudi, lebo yangu ilikuwa imebanduliwa, mahali pake pana mwandiko wake. Yale matundu ya mgongoni ameyaziba kwa selotepu. Nilijua papo hapo kwamba amerekodi juu ya piano yangu.

"Kaseti mpya hazikuwa zinafika," akasema. "Na kile kipindi kinapita mara moja tu."

"Kwenye rafu yako zilikuwa ngapi?"

"Nyingi. Lakini zangu zilikuwa nzuri, Halima."

Jamani! Alisema hivyo bila kupepesa macho. Hata pole hakunipa. Nilimrushia kaseti yake nikaondoka, na baada ya miezi michache nikapata transfa ya Madogo.

Akanitumia kaseti ile ile huko huko Madogo, mkononi mwa Guyo, na kikaratasi: "Side B. Usiruke." Nikairudisha bila kuisikiliza.

Akaituma tena siku ya harusi yangu. Watu wanaleta sufuria na mashuka, yeye analeta ushahidi wa kosa lake! Nikairudisha tena.

Miaka ikapita, ishirini na ushee. Nikiwa na safari ya Garsen nilivuka upande wa pili wa barabara nisione duka lake.

Juzi tumemzika kijijini kwao, Wema. Mkewe akanishika mkono, akanitilia kaseti ile ile ndani ya mkoba. "Dada, alisema hii ni yako. Watoto walikatazwa hata kuigusa."

Nilitaka kuitupa mtoni. Guyo akanizuia. "Dada Halima, wewe sikiza tu. Mtu amekufa. Sasa unagombana na nani?"

Kwa hiyo jana mchana tukakaa stoo kwa Guyo hapo Garsen, maana yeye bado ana redio kaseti inayofanya kazi. Side B.

Kwanza nilisikia vyura. Vyura wa mafuriko, wengi ajabu. Halafu sauti yako, Komora, ukiwa bado kijana.

"Halima, najua utakasirika. Kaa chini kwanza. Hii imepita leo na wewe uko Kipini, nimeona usiikose. Ile piano yako inakuzeesha. Guyo, nyamaza. Haya, mimi natoka nje."

Nikasikia mlango. Nikasikia ukikanyaga maji, kwa sababu siku hiyo nje hakukuwa na jua wala mahali pakavu.

Guyo alikuwepo siku hiyo na hakuwahi kuniambia. Nilimgeukia kwa ukali. Akasema, "Sheria ni yetu sisi wote. Mtu iko nje, hatetewi."

Saksofoni ikaanza. Katikati ikanyamaza, besi ikabaki peke yake ikitembea, na Guyo akaanza kutikisa kichwa. Mimi nilikuwa nalia.

Nina hasira nawe, Komora, na nitaendelea kuwa nayo. Haikuwa kaseti yako. Ungesema pole mara moja tu, ningeisikiliza mwaka ule ule.

Na mimi ningeweza kubonyeza kitufe. Nalijua hilo, msinikumbushe kwenye comments.

Hukumu ndiyo hii. Ulikuwa sahihi, mshenzi wewe. Ni nzuri kuliko ile piano, na ni nzuri kuliko zote tulizowahi kusikiliza pale dukani. Guyo anasema ng'ombe itatembea mpaka Garissa.

Kaseti imeisha na hatukusikia mlango ukifunguka tena. Miaka yote hii umesimama nje, maji magotini, ukingoja tukuite.

Tumekuita, Komora. Ingia ndani, vua hivyo viatu vilivyolowa, ulale salama.