Habari za Ng'ombe wa Wakfu

Ijumaa, tukitoka msikitini hapa Natta, tulimkuta mlangoni mzee mmoja Mkristo, kofia kaishika kifuani. Ndiye anayetunza ng'ombe ambaye muuguzi mmoja, Mwislamu mwenzetu, alimtoa wakfu: asiuzwe, asichinjwe, maziwa yake wanywe akina mama wanaojifungua pale zahanati.

“Shikamoo, mzee. Kwema?” imamu akauliza.

“Marahaba. Mlisema mwenye huyu ng'ombe ni Mungu. Kwetu, ng'ombe wa mtu akizaa, unakwenda mwenyewe kumwambia. Jumapili nilimwambia kanisani. Lakini ng'ombe alitoka kwenu, nikaona nipite na huku. Amezaa jike.”

Akavaa kofia, akaondoka.

Mimi nilikuwa nimetoka kuomba dua ndefu, kuanzia mvua hadi bodaboda mpya. Habari ya kumpelekea Mungu sikuwa nayo hata moja.