Mwenye Mwili Aweke Sahihi Kwanza

Fomu ile ilikuwa na kurasa nyingi, nikaiweka juu ya friji pamoja na barua za hospitali. Mimi shule niliishia darasa la nne, na Kiingereza nimekiokota kwa kusafisha ofisi za watu hapa Hayes, Uingereza, kwa hiyo binti yangu ndiye aliyenisomea. Akaniambia ni hati ya uwakilishi wa afya. Unaandika nani atakusemea kwa madaktari siku ukiwa huwezi kusema mwenyewe.

Nilijua kwa nini ameileta. Mume wangu, baba wa watoto wangu, alipopigwa na kiharusi alilala siku kumi na mbili kwenye mashine, hasemi, hafumbui macho. Daktari akatuita kwenye kachumba kenye viti vya bluu, akauliza mgonjwa mwenyewe angependa nini. Hakuna aliyejua. Mwanangu mkubwa akasema mashine ziendelee. Binti yangu, ambaye kazi yake ni kutunza wazee majumbani mwao, akasema baba aachwe apumzike. Mimi, mke wake kwa miaka arobaini na moja, nikainamisha kichwa. Wauguzi wote wa wodi ile nilikuwa nimeshawajua kwa majina, na mpaka leo ninayo yote, ila siyaandiki hapa kwa kuwa sikuwaomba ruhusa. Neno la kumsemea mume wangu ndilo nililolikosa. Tangu siku ile watoto wangu wawili wakawa wanasalimiana kupitia kwangu. Mwambie kaka, mwambie dada.

Mimi mashine sizitaki. Hilo nilikuwa nalo moyoni tangu kwenye vile viti vya bluu. Lakini binti yangu aliponiuliza, "Mama, niandike nani?" mdomo wangu ukasema, "Andika kaka yako."

Akanitazama. "Una hakika?"

"Ni mtoto wa kwanza, mwanamume. Tutamrukaje?"

Hakubisha. Akaandika jina la kaka yake kwa herufi kubwa, akaniachia fomu nikusanye sahihi.

Nikazikusanya kwa namna ninayoijua. Kwetu mwenye nyumba hanawi kabla ya mgeni, na sufuria ikifunuliwa yeye hula mwisho. Jumamosi mwanangu alipopita akitoka kazini kwenye ghala la mizigo ya ndege, nilimpa chai, nikampa na kalamu. Jumapili baada ya ibada akaja rafiki yangu wa kanisani, tuliyejuana tangu watoto wetu wana meno ya utoto. Yeye ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba akili yangu iko sawa na kwamba sijalazimishwa na mtu. Alikula pilau, akaweka sahihi, akasema, "Wewe je?"

"Mimi nitamalizia."

Jumatano akarudi kunishuhudia, nami nikaweka ya kwangu. Kila sahihi ikawa na tarehe yake. Nikairamba bahasha, nikaipeleka posta kwa miguu yangu, nimeridhika kwamba sikumvunjia mtu heshima.

Baada ya wiki kadhaa ikarudi na barua ya ofisi inayosajili hati hizo. Binti yangu aliisoma amesimama, bado amevaa koti, akaanza kucheka hadi akakaa.

"Mama, umewakaribisha kwenye fomu kama kwenye pilau."

"Nimefanya nini?"

"Umesaini mwisho. Wanasema anayetoa idhini ndiye anaanza. Halafu anayethibitisha. Mwakilishi anakuja nyuma yao. Hii imeharibika, tuandike upya."

"Sasa nianze mimi, wageni wananiangalia?"

"Waangalie tu. Mwili si wako?"

Siku mbili nilikunja nguo na kukunjua, neno lile halinitoki. Kama ni mimi wa kuanza, basi nilitakiwa kuanza na lile nililokuwa nalo moyoni, na sikuwa nimemwambia mtu. Nikampigia mwanangu simu aje ale ugali.

"Baba," nikamwambia, hivyo ndivyo ninavyomwita, "siku nikilala kama alivyolala baba yako, na daktari akasema hakuna kurudi, utawaambia wazime?"

"Mama, tule kwanza."

"Tunakula. Nijibu."

Akamega tonge, akalirudisha kwenye sahani. "Siwezi. Hata ukiniandikia, siwezi. Mimi nikuzime wewe?"

"Ndicho ninachotaka."

Akaisogeza sahani kando. Kisha akasema, "Basi mpe dada. Yeye amezoea."

"Hajazoea. Baba yenu alipozikwa alikaa wiki nzima hapa, chakula hakimshuki. Anaweza tu. Kuweza si kuzoea."

"Na watu watasemaje, mkubwa nipo nimerukwa?"

"Watu gani? Waje. Nitawaita mmoja mmoja kwa majina yao na ya baba zao."

Hapo akacheka, maana anajua ninaweza. Nikamwambia, "Kunizika ni kazi yako, hakuna atakayekunyang'anya. Kunisemea ni kazi ya dada yako. Na siku yeye akishindwa au hayupo, ni wewe." Fomu ina nafasi ya hilo, mwakilishi wa akiba. Akasema sawa, akala tonge lake.

Jumamosi iliyofuata wakaja wote siku moja. Rafiki yangu akawatoa watoto nje ya sebule, akafunga mlango.

"Kuna mtu amekulazimisha?"

"Nani wa kunilazimisha mimi?"

"Najua, lakini lazima niulize. Mara ile sikuuliza."

"Mara ile ulikula. Ukaongeza."

"Pilau lilikuwa zuri. Mbona umebadilisha jina?"

Nikamweleza kisa chote, na mashine na viti vya bluu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanisogezea fomu. Nikaandika jina langu polepole, herufi baada ya herufi, kabla ya mtu mwingine yeyote. Akashuhudia, naye akaweka yake.

Nilipoinuka kuwaita watoto, niliwasikia kwenye korido. Mwanangu alikuwa anauliza, kwa sauti ya chini, kama baba alikuwa anasikia maumivu zile siku kumi na mbili. Binti yangu akasema hajui. Akasema madaktari walidhani hapana, lakini yeye hajui. Nikakaa tena kitini.

"Huwaiti?" rafiki yangu akauliza.

"Waache kidogo," nikasema. "Zamu yao bado ipo."