Siku kipoyi changu kilipofika kanisani kitupu

Chekeni tu, sitakasirika, maana kilima kizima hapa kwetu Masisi kilishanicheka mbele yenu, na ningekuwa na mahali pa kuhamia ningekuwa nimeshahama.

Mnajua namna nilikuwa mugonjwa. Kile kiwambo cha nyama chini ya mapafu, kinachovuta pumzi, kilipooza upande mumoja (waganga wa hospitali hawakujua sababu), nikawa nikilala chali ninazama kama muntu aliyetupwa ziwani, basi nililala nimekaa kwa kiti. Na wamama wa kanisa, Mungu awabariki, walikuwa wanapokezana kwangu, huyu analeta maji, yule anasonga bugali, na jirani yangu Mama Neema anatandika mukeka kando ya kiti na kunihadithia habari za watu mpaka usingizi unanichukua. Bwana yangu alishakufa, watoto wako mbali, lakini nyumba ilikuwa imejaa.

Halafu binti yangu anayeishi Ubelgiji akahangaika mpaka nikapokelewa kule, nikapasuliwa na roboti. (Si roboti ya kutembea, acheni! Munganga anakaa pembeni kwa mashine, anachezesha vidole, na mikono ya chuma njo inaingia ndani yako kwa vitundu vidogo, inakunja kile kiwambo kilicholegea na kukishona mpaka kikaze.) Nilirudi ninapumua kama ndama, na alama zenyewe ndogo kama za chanjo.

Wamama wakaja, wakanikuta ninateka maji mwenyewe. "Mama Zawadi, umepona kabisa, sifa kwa Mungu!" Wakaenda. Kesho yake hakuja muntu. Wiki zikapita, nikawa ninaongea na sufuria. Sasa ninaweza kulala chali kama watu wote, na usingizi wenyewe hauji, kimya kinajaa masikioni.

Njo nikafanya kale kajambo kadogo. Nilikuwa na bandeji ndefu ya hospitali, nikajizungushia kifuani, nikakaa kwa kiti. Mama Neema alipopita kuomba chumvi, akashtuka: "Mama, kumbe kidonda bado?" Sikusema bado, sikusema kimepona, nilishusha pumzi tu (na ilikuwa ndefu, safi!). Jioni ile mukeka ukarudi.

Ningeishia hapo. Lakini wamama wakasema mugonjwa wa namna ile lazima aombewe mbele ya kanisa, na kwa kuwa kanisa liko juu kilimani, nibebwe kwa kipoyi, kile kiti cha mianzi cha kubebea wagonjwa. Nilikataa, wakadhani ni unyenyekevu. Jumapili wanaume wakaninyanyua mabegani, kwaya nyuma na ngoma, mimi juu nimefumba macho nikiguna kila kona, na moyoni natamani nishuke niseme ukweli, lakini kila nikifungua mudomo Mama Neema ananishika muguu: "Vumilia, Mama, tunafika."

Ngoma zile zikamukasirisha ngombe dume aliyekuwa malishoni, akavunja uzio, akatujia. Wabebaji wakaniachia kwa matope, wakakimbilia majanini. Na mimi, ndugu zangu, miguu haikuniuliza: nikakusanya kitenge, nikapanda kilima mbio, bandeji inafunguka na kunifuata kama mukia, ninapiga kelele za kusikika mpaka bonde la pili, nikawapita hata vijana. Pasteri alikuwa anangoja mulangoni, kwa yale matope hakunitambua. "Mama, mugonjwa iko wapi?"

"Iko nyuma, anakuja," nikajibu. Wala sikuwa ninahema.

Kipoyi kikafika kitupu. Kwaya ikaniangalia, ikaangalia kipoyi, kisha mumoja akaanza kucheka, na kanisa lote likamufuata. Mama Neema peke yake hakucheka. Aliokota bandeji kwenye matope, akaikunja vizuri, akaniwekea mukononi.

"Ungesema tu unaogopa kukaa peke yako," akasema, "ningekuja." Akaingia kuimba.

Tangu siku ile hakuna aliyekanyaga kwangu. Nimeapa sitaugua tena bila ugonjwa, na nikitaka watu nitawafuata mwenyewe, miguu si iko? Juzi nikaanza na kwa Mama Neema. Nikabisha hodi. Ndani mwiko ukanyamaza, akauliza nani.

"Ni mimi. Siko mugonjwa. Nimekuja kukaa tu."

Nikasikia mwiko unaanza tena kusonga. Kisha akasema: "Sukuma, haujafungwa."