Nilimuumiza Mwenzangu Ulingoni, Nikasingizia Raga

Kosa ni langu. Naanza hivyo ili usije ukanionea huruma kabla hujafika mwisho, maana watu wamenionea huruma mwaka mzima, na kila aliyenihurumia nimemdanganya.

Mimi ni kijana wa Kariakoo. Wazazi wangu walishuka Dar kutoka Kilimanjaro kabla sijazaliwa, na mpaka leo wana duka la jumla la vyombo: masufuria, chupa za chai, sahani, mabeseni. Mtaani kwetu naitwa mtoto wa Mangi, jina wanaloitwa Wachaga wenye maduka. Nilisoma shule ya bweni Arusha, na huko ndiko nilikojifunza raga. Nimeicheza miaka tisa. Nina kilo tisini na sita, na uwanjani nilizoea kuona watu wakiachia mpira kabla hata sijawafikia.

Halafu nikataka kuwa bondia. Usiniulize kwa nini! Hapa mjini ukitaja raga watu wanakuuliza, ndiyo ule mpira wa yai? Ukitaja ngumi wanakusogezea kiti. Nikajiambia, mtu aliyegongana na majitu ya kilo mia na kumi atashindwaje kusimama mbele ya mtu mmoja aliyevaa glovu.

Jamani, sikujua kitu.

Kambi yetu ya ngumi ilikuwa nyuma ya stoo moja, mtaa wa Gerezani. Kocha wetu, nitamwita Kibwana, alinipanga na bondia mmoja mwepesi ili anifundishe kutumia miguu. Huyo nitamwita Mshamu. Ni mtu wa Lindi, amenizidi miaka minne, mfupi, kilo sitini na tano hazifiki. Mchana alikuwa anabeba mizigo hapo hapo Kariakoo, na duka letu lilikuwa moja ya maduka aliyoyashushia. Kwa hiyo mchana yeye ananiita bosi, mimi namwambia, wewe, lile boksi taratibu lina vioo. Jioni tunapanda ulingoni mimi na yeye.

Ngumi na raga hazifanani hata kidogo! Kwenye raga ukichoka una wenzako kumi na wanne, unampa mmoja mpira unavuta pumzi. Ulingoni huna wa kumpa. Kwenye raga nguvu iko kwenye bega na mapaja, mikono kazi yake ni kukumbatia mtu umlaze chini. Ulingoni ukikumbatia unatenganishwa na kugombezwa. Raga wanakufundisha uiname ukimwendea mtu. Mimi nikawa nainama hivyo hivyo mbele ya Mshamu, na kila nikiinama nakutana na konde linatoka chini. Wiki ya kwanza nilikula uji tu, taya lilikuwa halifunguki.

Wiki tano zikapita sijamgusa. Nilirusha mikono, nikapiga hewa. Yeye ananigonga kidogo, si kwa kuumiza, kisha ananiambia kwa sauti ya chini, pole bosi. Mazoezi yakiisha anakaa na mimi kwenye kiroba cha mchanga ananionyesha mguu unakaaje. Alikuwa mtu mwema, nataka ulijue hilo. Ule utani wake wa pole bosi ulikuwa ndiyo namna yao ya kufundishana pale kambini, na wengine wote aliwatania vivyo hivyo wakacheka.

Mimi sikucheka. Na hapa ndipo ninaposema neno ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Makonde hayakuniuma. Kilichoniuma ni kwamba anayenipiga alikuwa mbeba mizigo wetu.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Wafanyabiashara watatu, majirani wa duka letu, walipita kambini kuona mtoto wa Mangi anavyopigana. Raundi ya pili nilimrushia Mshamu konde la nguvu zangu zote, akajisogeza, nikaenda kushika kamba nisianguke. Wale watatu wakaanza kucheka. Mshamu akanigusa kipaji cha uso kwa glovu, taratibu, akaniambia, "Bosi, tua mzigo, umechoka."

Wakacheka zaidi. Hata Kocha alicheka.

Nilimwingia. Si kwa ngumi. Nilimwekea bega tumboni, nikapitisha mikono nyuma ya mapaja yake, nikamnyanyua. Alikuwa mwepesi mno! Nilimsikia akisema, oya, kama mtu anayedhani bado tunataniana. Miguu yake ikapita juu ya kichwa chake. Nikamwachia.

Aliangukia shingo.

Kocha akaruka ulingoni, na kabla hajamfikia Mshamu akasema, "Raga hiyo! Mwili wake umezoea huyu, si kosa lake." Wale majirani wakaitikia, kweli, raga ndivyo ilivyo. Mimi nikatikisa kichwa kukubali.

Sasa nikwambie jambo ambalo pale kambini hakuna aliyelijua. Raga haiko hivyo. Kumnyanyua mtu ukampindua miguu juu na kumwachia aangukie kichwa ni kosa kubwa kuliko karibu makosa yote. Ndilo la kwanza unalokatazwa, siku ya kwanza kabisa, kabla hata hujapewa jezi. Ukimnyanyua mtu, wewe ndiye wa kumshusha salama. Miaka tisa sikuwahi kulifanya, hata nilipotukanwa, hata nilipovunjwa pua. Mwili wangu ulizoea kumlinda mtu anapoanguka. Siku ile niliulazimisha ufanye usichokizoea.

Na nilikuwa na muda. Mfupi, lakini ulitosha. Miguu yake ilipokuwa hewani nilijua ninachokifanya.

Pingili mbili za shingo zilipasuka. Daktari alisema ilibaki kidogo asitembee tena. Akavishwa kola ya plastiki miezi minne, vidole vya mkono wa kushoto vikafa ganzi, na akaambiwa mizigo basi, ngumi basi. Alikuwa amepangiwa pambano lake la kwanza la raundi nane! Alikuwa amelisubiri miaka sita.

Nilikwenda hospitali nikiwa nimeamua kusema ukweli. Nakuapia nilikuwa nimeamua. Nikamkuta amelala chali anatazama dari, na kabla sijafungua mdomo akaniambia, bosi usijali, Kocha ameshanieleza, mwili umezoea. Nikamwambia, ndiyo kaka, mwili ulijiendea wenyewe.

Uongo wa kambini niliuitikia tu. Huu niliutamka mwenyewe.

Baada ya hapo ukawa rahisi. Baba aliponiuliza imekuwaje, nikamweleza hivyo hivyo, nikaongeza na maelezo ya namna misuli inavyokariri mchezo. Kaka zake Mshamu walikuja kutoka Mbagala wakitaka kunipeleka polisi. Mshamu akawazuia, akiwa na kola shingoni, akawaambia huyu hana kosa, mnataka kumfunga mtu kwa ajili ya mazoea ya mchezo? Wakaondoka wamenuna. Mmoja wao alinipa mkono.

Baba yangu ni mtu wa kanisa na ana huruma. Mshamu alipopata nafuu, Baba akamwita dukani, akamwekea kiti mlangoni, kazi yake ikawa kuhakiki mizigo inayotoka. Kuanzia hapo nikawa nakaa naye kutwa nzima, kila siku ya kazi! Wateja walikuwa wakimwuliza shingo imekuwaje, naye anaeleza kwa kicheko, ananinyooshea kidole nyuma ya kaunta, anasema, jamaa si mbaya, raga ndiyo mbaya. Mimi nacheka nao.

Kocha naye akapiga marufuku watu wa raga kambini. Deo, aliyekuwa nahodha wangu uwanjani na ndiye aliyenifundisha kumshusha mtu salama, alikwenda kujiandikisha ngumi akafukuzwa mlangoni. Akanipigia simu kuniuliza kulikoni. Nikamwambia Kocha ana mambo yake.

Kilichonitesa zaidi ni kwamba Mshamu alianza kuipenda raga. Alitaka kuiona. Kila juma ananiambia, siku moja nipeleke nikaone hicho kitu kilichonitoa ulingoni. Nikawa namkwepa: leo hakuna mechi, leo uwanja umejaa maji, leo kuna mzigo unaingia. Miezi ikapita hivyo. Jumamosi moja Baba akasikia, akafunga duka mapema, akaniambia nimpeleke mwenzangu mara moja. Sikuwa na kisingizio kingine.

Tulikaa kwenye benchi, mimi kulia, Mshamu katikati, na Deo, aliyetukuta hapo, kushoto. Deo hakumjua Mshamu ni nani. Mshamu alifurahi mno. Alimshangilia kijana mmoja mwenye mbio wa pembeni utadhani ni mdogo wake. Mimi nilikuwa sitazami mpira, natazama mikono ya watu. Kila mtu akimdaka mwenzake nilikuwa naomba Mungu miguu isiondoke chini. Kipindi cha kwanza kikaisha salama. Nikaanza kupumua.

Kipindi cha pili, mbele yetu kabisa, beki mmoja akamkamata mtu kiunoni, akamnyanyua, akampindua. Yule mtu aliangukia bega, akainuka anajikung'uta, hakuumia sana. Lakini filimbi ilishapigwa. Mwamuzi akaingiza mkono mfukoni akatoa kadi nyekundu.

Mshamu akashangaa. "Mbona anatolewa? Si ndiyo mchezo wenyewe?"

Nilitaka kujibu mimi, Deo akaniwahi. "Hapana kaka. Hicho ndicho kitu cha kwanza tunachokatazwa. Hata mtu wa siku moja anakijua."

Shingo ya Mshamu haigeuki. Akageuza mwili mzima juu ya benchi, polepole, mpaka akanikabili.

"Na wewe ulikatazwa?"

"Ndiyo."

Akajirudisha kama alivyokuwa. Akatazama mechi mpaka ikaisha, hakushangilia tena.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika Mnazi Mmoja akasimama chini ya ukuta, akaniuliza kama nilikuwa nimekasirika siku ile. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ni kwa sababu ya yale maneno ya mzigo. Ningeweza kukubali, na ningekuwa nimeongeza uongo mwingine. Kwa mara ya kwanza nikamweleza yote. Nikamwambia nilikasirika kwa sababu alikuwa anatubebea mizigo na bado alikuwa ananishinda.

Akasema, na hakupandisha sauti:

"Hasira naijua, mimi ni bondia. Ungeniambia pale kitandani ningekutukana tukayamaliza. Lakini umeniacha nikutetee kwa ndugu zangu. Mwaka mzima nakutetea."

Akavuka barabara akaniacha.

Jumatatu alikuja mapema. Akamwamkia Baba shikamoo, akamwambia amepata kazi Feri kwa ndugu yake anayeuza samaki, akamshukuru kwa yote. Mimi nilisimama nyuma ya kaunta nasubiri aseme. Nilitaka aseme! Hakusema. Aliaga akatoka, hata pale alinihifadhi, na sijui kama ni kwa ajili yangu au kwa ajili ya Baba.

Nimekwenda Feri mara tatu. Mara mbili aliwahudumia wateja mpaka nikaondoka mwenyewe. Mara ya tatu nikamwambia mambo, akasema poa, akaendelea kupanga samaki.

Kwa Kocha nilikwenda nikamweleza kila kitu. Alinisikiliza akiwa anafunga begi la mazoezi kwenye mnyororo, akaniambia nirudishe glovu zake. Juma lile lile akamwita Deo, na sasa Deo anajifunza ngumi, nasikia hata yeye anakula makonde ya kutoka chini. Kaka zake Mshamu bado sijawafuata. Naogopa, nasema kweli.

Wewe unayesoma, sikuambii usikasirike. Utakasirika, na siku moja utamfanyia mtu jambo baya. Ninachokuomba ni hiki: watu wakija na kisingizio wamekiandaa wenyewe, wanakukabidhi kwa mapenzi yao, kikatae pale pale. Usitikise kichwa kukubali. Ukichelewa siku moja tu, yule uliyemuumiza ataanza kukibeba kwa niaba yako, na siku atakayojua hutakuwa na uso wa kumtazama. Hilo ndilo lililonipata.

Majina yote nimebadilisha. Hata hivyo yupo mtu mmoja atakayejua. Baba yangu hununua gazeti hili kila Jumamosi, husoma kwanza habari za mpira, halafu hufungua ukurasa huu wa maungamo na kuwacheka wanaoandika huku. Tangu Mshamu aondoke ananiuliza kila juma, yule kijana mwema tulimkosea nini?

Baba, shikamoo. Ukifika kwenye mstari huu mimi nipo stoo, napanga masufuria. Kwa mdomo nimeshindwa. Niite, nitakuja.