Nisikute Chungu

Maji ya wali yakifurika na kumwagikia majivu ya moto, hutoka harufu ya chumvi, moshi na udongo uliolowa. Wajukuu wangu hukimbilia kufunua sufuria. Mimi huwaambia ngojeni kidogo, nikavuta pumzi, na papo hapo niko tena Bahi, mtoto wa miaka saba au minane, miguu imepauka kwa vumbi la chumvi hadi magotini, na mama yangu anataka kuiacha kazi aliyoipenda kuliko zote.

Enzi zile za Mjerumani, kila kiangazi wanawake wa kwetu walihamia kando ya mbuga kupika chumvi. Maji yalipokauka, ardhi ilibaki na ukoko mweupe. Tuliukwangua, tukautia kwenye kapu lililotandikwa nyasi, tukaumwagia maji, na yaliyodondoka chini tukayachemsha hadi chumvi ikajitenga. Anayeona ni kazi rahisi na ajaribu! Chumvi huepuliwa ingali majimaji, ikamwagwa kapuni, yale maji ya mwisho yakachuruzika yaende zake, maana ndiyo yenye uchungu. Ukiyaacha yakaukie motoni, umeharibu.

Mama aliyajua yote hayo. Alifundishwa na dada yake, Mama Matonya, ambaye chumvi yake ilisifiwa hadi Kilimatinde. Lakini chumvi ya Mama ilitoka chungu. Mwaka wa kwanza ilikuwa bahati mbaya. Mwaka wa pili watu wakasema ana mkono mchungu. Mwaka wa tatu yeye mwenyewe akaamini, akawa anakaa mbele ya moto kama mtu aliyeitwa bomani. Wenzake wakimwambia epua, yeye husema, "Bado, ngojeni uchungu uishe," akaongeza kuni.

Kiangazi hicho reli ilikuwa imeshapita Zuzu ikija upande wetu. Mpishi wa kambi ya wajenzi, Mzee Feruzi, mtu wa pwani mwenye kofia safi na maneno mengi, alikuja na punda wake kutafuta chumvi. Alileta mchele wa kubadilishana. Mchele! Sisi ni watu wa uwele na mtama. Nilipochungulia guniani nilidhani nao ni chumvi ya kwao. Tangu hapo sikulala vizuri kwa kuutamani.

Mzee alionja chumvi ya Mama Matonya, akafumba macho kwa raha. Akaja kwetu, akaonja, akatema mara tatu, akasema kwa sauti iliyosikika mbuga nzima:

"Chungu! Mama, keshokutwa narudi. Kwenye jiko hili nisikute chungu!"

Sasa, Kiswahili changu siku zile kilikuwa cha maneno manne: shikamoo, maji, punda na chungu. Chungu nilikijua sana. Ndicho kile cheusi kilichokaa juu ya mafiga yetu. Mengine niliyakisia kwa mkono wake, uliolionyesha jiko letu kisha ukapunga kukataa. Kwa hiyo niliielewa amri ya mzee barabara: akirudi, asikute chungu kwenye jiko letu. Niliona ajabu kidogo, lakini watu wa reli walikuwa na mambo yao.

Jioni Mama alimwambia dada yake, "Dada, nimechoka kuaibika. Keshokutwa nafunga mizigo. Jiko langu mpe mwingine."

"Mdogo wangu," Mama Matonya alimjibu, "wewe chumvi yako unaililia matanga kabla haijachemka."

Jiko likishatolewa halirudi, na bila chumvi ya kubadilishana, nafaka yetu isingefika masika. Hata mimi nililijua hilo, maana mwaka uliotangulia tulilijua kwa matumbo.

Siku ya siku ikafika. Mama hakuwasha moto. Chungu chake, kilichojaa maji ya chumvi tangu jana yake, alikiacha pale pale kwenye mafiga baridi, akaenda kukunja mikeka. Mama Matonya alikuwa na majiko matatu, lakini asubuhi ile alijaza vyungu viwili tu, akakoka moto, akaenda kutafuta kuni. Nikabaki peke yangu na amri ya Mzee Feruzi.

Nilifanya kazi siku ile! Chungu kilikuwa kizito, basi nikayahamishia maji mtungini kibuyu kwa kibuyu, nikakikumbatia chungu kitupu hadi kifua kikawa cheusi kwa masizi, nikakitua kwenye lile jiko la tatu la mama mkubwa, nikakijaza tena. Na kwa kuwa majirani zake walikuwa wanachemka, nikakisogezea moto nacho kisione wivu.

Mama aliporudi alikuta mafiga yetu matupu. Alidhani dada yake ameshaligawa jiko pamoja na chungu chake. Akashusha pumzi ndefu. "Basi," alisema, "yamekwisha." Akaenda kuangalia vyungu vitatu vya dada yake, maana moto hauachwi peke yake.

Hapo nilimwona mama mwingine kabisa! Alikuwa anaimba puani, akinusa mvuke, akipunguza kuni huku na kuongeza kule. Chungu cha mwisho kilipoacha kutokota kwa kelele kikaanza kunong'ona, aliruka: "Imefika!" Akaepua, akamwaga kapuni, maji machungu yakachuruzika mchangani. Wala hakuonja. Chumvi ya dada ionjwe ya nini?

Alasiri, Mama Matonya alipokwisha kurudi na kuni, punda akalia, na Mzee Feruzi huyo. Kapu la kwanza alionja, akatikisa kichwa kukubali. La pili vivyo hivyo. La tatu akaonja, akaonja tena.

"Mama Matonya, leo umejipita mwenyewe!"

"Hilo la tatu si langu," alisema Mama Matonya. "Mimi nilijaza viwili. Mdogo wangu, si wewe uliyehamia hapa?"

"Mimi? Nilijua ni chako!"

Wote watatu wakanigeukia, na kifua changu cha masizi kikanisaliti. Nikanyoosha kidole kwenye mafiga yetu matupu, nikakusanya Kiswahili changu chote: "Shikamoo. Nisikute chungu."

Mzee alinikodolea macho. Kisha alicheka hadi kofia ikamdondoka na punda akarudi nyuma. Alipoweza kusema, alitufafanulia kwamba kwao neno hilo ni chombo na pia ni uchungu. Mama hakucheka. Alikiinua kile chungu akakipindua, akapapasa kitakoni alama aliyoifinyanga mama yake. Akatia chumvi ulimini. Akatia tena. Halafu akapiga vigelegele vilivyoamsha mbuga, akanibeba nilivyo, masizi na yote, na sijawahi kufurahi kama siku ile.

Mizigo ikafunguliwa, jiko likabaki letu. Wali nilikula. Niseme kweli, haukunikaa tumboni kama ugali, lakini chumvi yake!

Nilidhani miaka mingi kwamba lile jiko la tatu lilikuwa na baraka. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, nikifundisha wasichana kushona kwa cherehani. Yupo mmoja aliyesema hawezi kola, na kweli kila kola aliipotosha. Siku moja nikamwambia, "Hii ni ya mwenzako, mshikie kidogo tu." Ikatoka imenyooka. Nikainuka, nikaenda nje kulia. Kumbe mikono ya Mama ilijua siku zote. Hofu ndiyo iliyokuwa ikikataa kuepua.

Tangu mwaka ule Mama hakubandika chungu bila kusema, "Hiki ni cha dada," akacheka. Tulilizoea hilo kama dua. Mama Matonya alipofariki, nilimsindikiza Mama mbugani kiangazi kilichofuata. Alibandika chungu, akakoka moto, akageuka kulitazama jiko la dada yake, nami nikaogopa.

"Hiki ni changu," alisema. Kisha akaanza kuimba.