Rota Nane Katika Kopo Moja

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa bunduki wala funguo. Nilipewa kopo. Nilikuwa wada, cheo cha chini kabisa cha askari magereza, nimepangiwa karakana ya gereza letu nje kidogo ya Njombe. Staff Sajenti aliyesimamia karakana alinitia mkononi kopo tupu la maziwa ya unga, akasema, "Kijana, hili ni lango la pili la gereza. Ukilichezea, utalima viazi pamoja na wafungwa."

Nilidhani ananitania. Kumbe! Alifunua boneti ya Landrova ya ofisi, akafungua kifuniko cha distributa, akachomoa kidude cheusi kidogo kama kizibo. Hiyo ndiyo rota. Huzunguka humo ndani ikigawa umeme kwa kila plagi, na bila hiyo, piga stata mpaka betri ikate roho, gari la petroli haliwaki. Basi sheria yetu ilikuwa hiyo. Gari lolote likiingia ndani ya ukuta, rota inatolewa, inafungwa uzi wenye kikaratasi cha jina la gari, inatiwa kwenye kopo, na kopo linakaa kwa askari. Mfungwa akishika usukani, ataishia kupiga honi tu.

Baadaye walinihamishia Makambako, nikala vumbi la njia panda miaka kadhaa, kisha nikarudi Njombe na cheo cha Sajenti. Karakana ikawa yangu, na kopo likawa langu.

Ndipo nchi ikafungua milango ya biashara ya nje. Magari yaliyotumika kutoka Japani yakamwagika Makambako kila wiki, na watu wakayasahau ya zamani nyuma ya nyumba, kuku wakatagia humo. Mimi roho iliniuma, maana magari yale niliyapenda. Mkuu wetu wa Gereza, mtu mpole mwenye sauti ya shemasi, akaja na wazo ambalo hata leo namvulia kofia. Mafundi wetu wafungwa wayafufue, kisha siku moja wenye magari na wananchi waingie gerezani kuyatazama.

"Watu wakiiona kazi ya mikono ya wafungwa hawa," alisema, "siku wakitoka hawataulizwa tu walifungwa kwa nini."

Fundi aliyewapita wote alikuwa Sanga, Mkinga mfupi, mkimya. Kosa lake? Wizi wa gari. Ndiyo, msicheke. Magari saba aliyamaliza, yakarudi kwa wenyewe. La nane lilikuwa Bedfodi ya Mzee Abdala, msafirishaji wa Makambako, lori lake la kwanza maishani, lililolala miaka. Sanga alilihangaikia miezi mitano. Gaskiti nyingine, zile za kuziba maungio ya injini, alizikata kwa mkono kutoka karatasi ngumu, kwa uvumilivu ambao mimi, fundi wa cheti, sina. Mzee Abdala alipokuja kukagua alimtazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiye mwizi wa magari?"

"Ndiyo, mzee."

"Haya, sikiliza. Siku ya maonyesho, lori hili likiwaka mbele ya macho yangu, ukitoka njoo Makambako, utakuwa fundi wangu. Lisipowaka, tusijuane."

Sanga alikuwa amebakiza miezi miwili ya kifungo. Nani mwingine angempa kazi mtu wa kosa lile? Hakuna.

Jumamosi ya maonyesho kulikuwa na ukungu na baridi ya kwetu ya kukaza meno. Yale saba yakaingia langoni moja moja, yanang'aa, Mchungaji mstaafu mbele na kigari chake cha bluu, ananipungia mkono na kunisalimu kikwetu, "Kamwene!" Nilikuwa kama mtoto siku ya Krismasi. Kila gari natoa rota huku namsifu mwenyewe, naipapasa bodi, natia rota kwenye kopo, nakimbilia linalofuata. Uzi na vikaratasi vilibaki mfukoni. Ya Bedfodi nayo ilikuwa humo humo, uzi wake nimeukata asubuhi tulipolijaribu.

Mkuu akahutubia, kisha akasema, "Sajenti, gawa rota. Injini ziwashwe."

Nikafungua kopo. Rota nane, zote nyeusi, hata moja haina jina. Mungu wangu! Jasho lilinitoka katika baridi ile. Mzee Abdala alikuwa ameshasimama mbele ya lori lake, amekunja mikono.

"Afande," nikamnong'oneza Mkuu, "nimezichanganya. Nazijua mbili tu."

Kabla hajajibu, Sanga alinyoosha mkono katika mstari wa wafungwa. "Naomba ruhusa, afande. Zote nilizisafisha mimi."

Mkuu alinitazama. "Kopo ni lako, Sajenti."

Kumpa mwizi wa magari rota nane! Nikampa. Alizishika moja moja, akizipapasa kwa kidole gumba. "Hii ya Mchungaji, ina mkwaruzo. Hii fupi ya yule mzee muuza mbao." Magari saba yakawaka. Akapanda kwenye lori. Likakohoa, likanyamaza. Likakohoa tena, kisha likanguruma mpaka madirisha ya ofisi yakatetemeka. "Wallahi, sauti yake ile ile!" akalia Mzee Abdala, machozi yanamtoka.

Wageni wakaanza kuondoka. Lango likafunguliwa wazi, magari yakitoka kwa foleni, na Sanga bado yuko juu ya usukani, injini inanguruma, askari wote wamesahau kazi wanapiga makofi. Akikanyaga mafuta, nani angemzuia? Na lori lilipaswa kubaki ndani mpaka Jumatatu, dereva wa Mzee Abdala aje kulichukua.

Sanga akazima injini. Akashuka, akafunua boneti, akaja mpaka niliposimama, akaniwekea rota kiganjani.

"Ya Bedfodi, afande. Usisahau uzi."

Miezi miwili baadaye Mzee Abdala alimpokea Makambako, na haukupita mwaka akamkabidhi funguo za magari yote ya yadi. Mimi nilipostaafu waliniuliza nataka kumbukumbu gani, nikaomba kopo. Liko kwangu hapa Mahongole, juu ya kabati. Mzee Abdala alipofariki na lori likauzwa chuma chakavu, Sanga alikuja kunisalimu, akalitazama kopo, akatumbukiza kitu. Alipoondoka nikachungulia. Ilikuwa rota, imefungwa uzi, na kwenye kikaratasi ameandika kwa mkono wake: Bedfodi.