Gari Lililoinamisha Kichwa

Miaka ile ya vita, kuwa na gari zima Kisangani kulikuwa sawa na kumwacha kuku mnono azurure sokoni. Papa alilijua hilo mapema. Askari walipoanza kuchukua magari ya watu, aling'oa magurudumu yote manne ya gari letu dogo la Kifaransa, ambalo lilinizidi umri, akalikalisha uani juu ya matofali. Magurudumu akayaficha kwa rafiki yake, mvuvi wa kule kwenye maporomoko. Bomu likaangukia nyumba ya mvuvi. Mwenyewe alipona kwa kuwa alikuwa mtoni. Magurudumu yetu yakaungua. Gari likabaki pale, kuku wakitaga chini yake.

Kisha mguu wa mama ukaharibika. Kidonda chini ya goti kilikuwa kimefika kwenye mfupa, na daktari alisema lazima kisafishwe hospitalini kila wiki. Kikiachwa, mguu utakatwa. Kutoka kwetu Mangobo watu walikwenda mjini kwa miguu au kwa toleka, zile baiskeli za kubeba abiria. Mama hakuweza kukunja goti. Tulijaribu toleka mara moja, mguu umenyooshwa mbele, mimi nikikimbia kando nimeushika kisigino. Kila shimo alilia bila sauti. Aliporudi alisema heri ukatwe.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na sikuwa na kazi, kwa hiyo kazi yangu ikawa kuwaza. Niliwaza mama bila mguu. Niliwaza tukipata gari, kisha gari likichukuliwa na mama akiachwa barabarani.

Jirani yetu, muuzaji wa jumla kutoka Butembo aliyesali parokia moja na mama, alitufungulia stoo. Nyuma ya magunia ya maharage kulikuwa na magurudumu manne mazuri, yanayolingana, mipira bado ina meno.

"Papa, beba yote ine," alisema. "Mama akipona mutarudisha."

Moyo wangu ukatulia. Papa akayazunguka polepole, akachagua mawili. Kisha akaonyesha nje, kwenye basi dogo la muuzaji ambalo injini yake ilishachukuliwa.

"Na ile mbili ya nyuma, utanipatia?"

Muuzaji alimtazama, halafu akacheka mpaka akashika tumbo. "Ah, papa! Sasa hiyo iko akili."

Mimi sikuiona akili. "Papa, ile ya basi iko kubwa. Gari itainama."

"Itainama."

"Breki itavuta upande. Mama atateleza mbele, na mguu..."

"Bwana licencié," papa alisema, na hilo jina la wenye digrii alilitamka kama la ugonjwa, "gari muzuri iko ya batu bote. Hii itakuwa yetu."

Jeki hatukuwa nayo. Tulipenyeza gogo chini ya gari, na muuzaji, mtu mzito, akaketi kwenye ncha ya pili huku papa akifunga boluti. "Kaa vile vile, usicheke," papa alimwambia, "ukicheka gari inashuka." Magurudumu ya mbele yaliingia vizuri. Ya basi yalikuwa na matundu mapana kuliko boluti zetu, ikabidi papa akate vipande vya chuma kinene, avitoboe viwe kama pete, avibane katikati. Hata hivyo mpira ukasugua bati la juu. Papa akachukua nyundo akalikunja lile bati kwa nje, kila pigo nikiliona gurudumu likichomoka barabarani na kutupita.

Mama alikuwa mlangoni, mguu juu ya kigoda. Tulipoondoa gogo, gari lilishusha pua na kuinua matako, kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha.

"Munanipeleka hospitali," mama aliuliza, "ao munanimwaga?"

Akacheka. Tangu kidonda kianze sikuwa nimemsikia akicheka. Nilifunga ubao na mto mbele ya kiti chake cha nyuma ili mguu usiteleze, na asubuhi, kwa heshima yake, nikaliosha gari likang'aa. Papa alitoka, akatazama, hakunigombeza. Alichota tope la mfereji akapaka milango yote.

Kwenye kizuizi cha askari kabla ya mjini, gari moja lilikuwa limesimamishwa mbele yetu. Gari zuri. Mwenyewe alikuwa kando ya barabara, amekumbatia mfuko wake, na askari alikuwa tayari kwenye usukani.

Askari mwingine akatuzunguka. "Papa, hii gari yako inaomba pardon?"

"Inaomba kila siku, chef."

Akainama kwenye dirisha langu. "Wewe. Inaweza kufika Bafwasende?"

Bafwasende ni mbali sana, ndani ya msitu. Papa alikuwa amenionya nisifungue mdomo. Lakini nilikuwa nimeulizwa jambo lile lile nililokuwa nikiliwaza usiku na mchana, na nikamjibu. Nilimwambia kuhusu pete za chuma, kwamba moja ikipasuka mlimani gurudumu la nyuma litatoka. Kwamba mpira unasugua bati, na watu wanne wakipanda utalipuka. Kwamba breki inavuta kuume, na kuume kwa barabara ya Bafwasende kuna mitaro. Jasho lilinitoka. Sikudanganya hata neno moja.

Askari alirudi nyuma hatua moja. Akatazama bendeji ya mama.

"Na munaweka mama ndani ya hii?" Akainua mti wa kizuizi mwenyewe. "Pita, papa. Pole pole. Na huyu mutoto mumunyamazishe, ataniletea homa."

Mama alijifunika mdomo kwa kitenge, mabega yakitikisika. Papa aliendesha pole pole mpaka hospitalini. Baada ya siku ile, kila tulipotoka, alinifungulia mlango wa mbele kwanza. "Bwana licencié, kaa dirishani."

Kidonda kilichukua muda mrefu, lakini kilifunga. Muuguzi alipotuambia tusirudi tena, papa aliyarudisha magurudumu yote kwa muuzaji, na gari likapanda tena juu ya matofali. Jumapili iliyofuata mama aliita toleka, akaketi kiubavu, goti limekunjwa, kwenda misa. Nilianza kukimbia kando.

"Wee!" alipaza sauti bila kugeuka. "Tafuta toleka yako!"